Mama mdogo kagongwa na Hiace akiwa kwenye baiskeli, dereva kaleta laki moja na nusu na karatasi ya kusaini. Hapa kuna madai ya fidia au tumwachie Mungu?

#1 Mjukuu wa Makorora (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Mama mdogo wangu anauza samaki hapa Tanga mjini. Kila alfajiri anatoka Mikanjuni na baiskeli yake, ndoo mbili nyuma, anakwenda Deep Sea, soko la samaki, kuchukua mzigo, akirudi anazungusha mitaani mpaka saa nne. Wenyeji mnajua, kwetu baiskeli si mazoezi, ndiyo miguu yenyewe.

Jumanne ya wiki iliyopita, saa kumi na mbili kasorobo, maeneo ya Makorora, Hiace iliyokuwa inawahi abiria ilimjia kwa nyuma ikataka kumpita. Katikati ya kumpita ikakutana na bajaji uso kwa uso, ikarudi kushoto haraka. Kushoto ndiko alikokuwa yeye. Kioo cha pembeni kikamkamata bega, akaanguka na baiskeli na ndoo zake, goti likapiga ukingo wa mtaro.

Hospitali ya Bombo wamempiga picha ya eksirei, mfupa chini ya goti umepasuka. Kafungwa hogo, wiki sita mguu usikanyage chini.

Jana akaja dereva, na mjumbe, na mzee mmoja anayesema ni mjomba wa dereva. Wana adabu, sikatai. Wameleta 150,000 kwenye bahasha na karatasi iliyoandikwa kwa mkono: "Nimepokea pole na sina madai yoyote kwa dereva wala kwa mwenye gari, leo wala siku zijazo." Mama mdogo kalamu alishaishika. Nikamwambia ngoja kwanza mama, hawa si wageni wa kuondoka leo.

Ninachotaka kujua: kuumia tu kunatosha kudai fidia, au lazima kuwe na kingine? Jirani anasema kwa kuwa baiskeli haikuwa na taa, hana chake. Mwingine anasema gari lenyewe lina bima ndogo, na bima ndogo haimlipi mtu wa baiskeli. Natanguliza shukrani.

#2 Dogo wa Kange

Chukua hela mkuu. Kesi utazeeka nayo. Laki na nusu ya mkononi ni bora kuliko milioni ya mdomoni.

#3 Bi Chumvini

Mpe pole sana mama. ASISAINI.

#4 Mzee wa Masjala

Mwanangu, mimi si wakili. Nimekaa masjala za mahakama miaka ishirini na ushei nikipokea hati za madai na kugonga mihuri, nimestaafu. Wakili utamtafuta baadaye. Mimi nitakwambia nilichoona kikisimama na nilichoona kikianguka.

Kuumia peke yake si madai. Watu hawapendi kuambiwa hivi, hasa mtu akiwa na bandeji kichwani, lakini ndivyo ilivyo. Nimepokea hati kurasa kumi na mbili zinazoeleza maumivu tu, mwanzo mpaka mwisho, na hakuna mstari unaosema mdaiwa alikosea nini. Mahakama inatafuta kamba isiyokatika. Yule mtu alipaswa kuwa mwangalifu kwako. Hakuwa. Kutokuwa kwake mwangalifu ndiko kulikokuumiza, si kitu kingine. Na umepata hasara inayopimika kwa shilingi. Kamba ikikatika popote, hata pale mwisho, unarudi nyumbani na maumivu yako.

Kipande cha kwanza kwenu hakina ubishi. Dereva ana wajibu kwa kila mtu aliyeko barabarani, mwenye baiskeli, mwenye mkokoteni, mtoto wa shule. Hauhitaji mkataba naye. Hili lina hadithi yake. Mwaka 1928 huko Paisley, Scotland, mama mmoja alinunuliwa na rafiki yake soda ya tangawizi. Chupa ni nyeusi, huoni ndani. Kanywa nusu, rafiki anamimina iliyobaki, pakatoka konokono aliyeoza. Mama akaugua. Sasa amdai nani? Soda hakuinunua yeye, na mwenye mgahawa asingeweza kuona ndani ya chupa. Ndiyo kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson, na mwaka 1932 majaji wa juu kabisa kule Uingereza wakasema mtengenezaji anawajibika kwa yeyote ambaye yeye mtengenezaji alipaswa kujua kwamba uzembe wake unaweza kumfikia. Sisi sheria za Kiingereza tulizirithi kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kwa hiyo konokono wa 1932 hatufungi kwa kamba, lakini mahakama zetu zimemsikiliza miaka yote.

Kwako shughuli iko kwenye kipande cha pili na cha tatu. Dereva anasemaje? Na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, mlichukua?

#5 Dogo wa Kange

Mzee katuletea konokono wa Scotland wakati mtu ana shida ya Makorora 😂

#6 Mjukuu wa Makorora

Shikamoo mzee. PF3 tulichukua siku ileile kabla ya kwenda Bombo, daktari kaijaza, nikaipiga picha kwa simu kabla ya kuirudisha polisi. Imeandikwa hivi: michubuko bega la kulia, mvunjiko chini ya goti la kushoto.

Dereva mbele yetu aliomba radhi. Kituoni lakini nasikia kaandika maelezo kwamba mama "alikatiza barabara ghafla".

#7 Mzee wa Masjala

Marahaba mwanangu. Basi isome tena hiyo picha yako taratibu.

Bega la kulia, goti la kushoto. Mtu aliyekatiza barabara kwenda kulia anagongwa na uso wa gari, bampa au taa, na mara nyingi anaumia upande mmoja: nyonga, paja, mbavu. Huyu kaguswa kutoka kulia, juu, usawa wa kioo, akaangukia kushoto kwenye mtaro. Hiyo PF3 inaongea kuliko mashahidi watatu wa kijiweni. Sasa ulizia ukaguzi wa gari: je, kioo cha kushoto kimekunjika au kuvunjika? Bampa ni zima? Na ramani ya eneo la ajali iliyochorwa na trafiki, baiskeli ilikutwa wapi, kando au katikati? Hivyo vitatu vikikubaliana, neno "alikatiza" linakosa pa kukaa.

Baiskeli usiitengeneze. Usiinyooshe hata rimu. Ipige picha kila upande, iweke ndani.

Na fuatilia kesi ya trafiki kama mtu anayefuatilia mahari. Dereva akitiwa hatiani kwa kuendesha kizembe, na muda wa rufaa ukapita, hukumu ile kwa Sheria ya Ushahidi inakuwa uthibitisho wa mwisho kwamba alitenda kosa lile. Kwenye madai hutahangaika tena kuthibitisha uzembe, utabaki na kuthibitisha hasara tu. Watu wengi hawajui. Dereva anakiri kosa, analipa faini, kila mtu anakwenda zake, na nakala ya hukumu hakuna anayeiomba.

#8 Kanzu ya Ijumaa

Naweka kambi hapa. Swali dogo mzee: mimi niliteleza ukumbini kwenye harusi, sakafu ina marumaru, nikavunjika kidole cha mkono. Naweza kuwadai wenye ukumbi?

#9 Mzee wa Masjala

Sakafu ilikuwa na nini?

#10 Kanzu ya Ijumaa

Haikuwa na kitu. Nilikuwa nimevaa makubazi mapya, nacheza.

#11 Bi Chumvini

Mdai fundi makubazi 😂😂

#12 Mzee wa Masjala

Huyo kidole chake ni halali, madai ndiyo hayapo. Ingekuwa maji yamemwagika tangu saa mbili, wahudumu wanayaruka, hakuna aliyefuta wala kuweka alama, wewe umeteleza saa nne, hapo tungeongea. Sakafu kavu na mguu wako mwenyewe, mwenye ukumbi kakosa nini?

#13 Stika Mpya

Nifafanue la bima maana naona jirani kamtisha mama bure. Nafanya kazi za bima, si Tanga.

Bima ndogo imewekwa na sheria kwa ajili ya watu kama mama huyu. Bima kubwa inalipa na gari la mwenye bima, bima ndogo hailipi gari lake, inalipa wengine aliowaumiza au kuwaua. Ndiyo maana ni lazima kwa kila gari linalotembea barabarani. Jirani kageuza kanzu nje ndani.

Fanya hivi leo usiku, haichukui dakika mbili: ingia kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, wa kuhakiki stika za bima, andika namba ya gari, utaona kama bima ilikuwa hai siku ya ajali, na ni kampuni gani. Piga picha ya skrini. Nimeona stika nzuri zinang'aa kwenye kioo na mfumoni hazipo.

Halafu peleka barua ya taarifa kwa kampuni, hata kama nyaraka hazijakamilika. Wakugongee muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Baadaye utaongeza ripoti ya polisi, ramani, ukaguzi wa gari, PF3, taarifa ya daktari, risiti. Wakikataa bila sababu au wakikuzungusha, kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, analalamikiwa bila kupitia mahakamani kwanza.

Kuhusu karatasi ya dereva. Mama akisaini "sina madai leo wala siku zijazo", siku ya kwanza kabisa kampuni itaweka karatasi hiyo juu ya faili. Msaada wa matibabu apokee, hakuna ubaya, ila iandikwe: "Nimepokea 150,000 kama msaada wa matibabu, si malipo ya mwisho ya madai." Akikataa kuandika hivyo, ujue bahasha ile ilikuwa ya nini.

#14 Mjukuu wa Makorora

Nimeangalia sasa hivi. Bima iko hai. Ila jina la mwenye gari kwenye kadi si la yule anayejiita bosi wa dereva. Bosi anasema gari alilinunua miaka miwili iliyopita, hajabadilisha kadi.

#15 Stika Mpya

Kawaida sana hiyo. Kisheria aliyeandikwa kwenye kadi ndiye mmiliki mpaka athibitishe vinginevyo. Wakili atawaweka wote: dereva, wa kwenye kadi, na huyo bosi. Wao watajuana. Bosi anaingia kwa sababu dereva alikuwa kazini kwake, na kosa la mfanyakazi akiwa kwenye kazi ya tajiri wake ni mzigo wa tajiri pia. Angekuwa amelichukua gari bila ruhusa kwenda kwenye mambo yake, hapo bosi angekuwa na la kusema. Asubuhi na kondakta mlangoni anaita abiria, ana la kusema gani?

#16 Bi Chumvini

Na taa ya baiskeli je? Hakuna aliyejibu.

#17 Mzee wa Masjala

Ahsante kwa kunikumbusha. Taa haiui madai, inayapunguza. Zamani huko kwenye sheria ya Kiingereza ukionekana umechangia hata chembe unakosa vyote. Siku hizi mahakama inagawa lawama. Tuseme hasara yote ni milioni nne, hakimu akaona mama kwa kutokuwa na taa alichangia robo, atapata milioni tatu.

Lakini taa lazima iwe imechangia kweli. Saa kumi na mbili kasorobo Tanga kunaanza kupambazuka. Na huyu dereva hakusema "sikumwona". Kasema "alikatiza". Mtu aliyemwona mpaka akajua amekatiza, taa ingemsaidia nini? Wakili mzuri ataing'ang'ania sentensi hiyo.

#18 Mkonge Haulali

Wakuu mimi niko mashambani huku Muheza. Mdogo wangu mashine ya korona imemng'ata vidole viwili. (Korona ya kuchakata mkonge jamani, si ule ugonjwa.) Msimamizi anasema ni uzembe wake mwenyewe, aliingiza mkono mashine ikiwa inazunguka. Kwa maelezo ya mzee, basi kamba imekatika?

#19 Stika Mpya

Hapana, hiyo ni njia nyingine kabisa. Ameumia kazini, huyo ni wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Huko huhitaji kuthibitisha uzembe wa tajiri. Kinachoulizwa ni kama ajali ilitokana na kazi na imetokea kazini. Hata kama alizembea kidogo, vidole vyake vina hesabu. Kinachoweza kumharibia ni utovu wa makusudi na mkubwa, kama kuingia kazini amelewa.

Tajiri akishapewa taarifa ana siku 7 za kuripoti Mfuko. Hataki? Mdogo wako aende mwenyewe. Akichelewa zaidi ya miezi 12 bila kudai, haki inaweza kupotea. Ajali ilikuwa lini?

#20 Mkonge Haulali

Mwezi wa pili uliopita. Nashukuru sana kaka, kesho namleta mjini. Walikuwa wanataka kumpa elfu themanini na gunia la mahindi.

#21 Dogo wa Kange

Sawa, mnaongea vizuri wote. Niseme kwa nini mimi siamini. Braza wangu aligongwa na roli 2017, Segera. Mguu mpaka leo mfupi. PF3 ilikuwepo, hukumu ya trafiki ilikuwepo, mashahidi walikuwepo. Mwenye roli kila tukienda anasema njooni mwisho wa mwezi, anatupa nauli, anatupa soda. 2021 tukaona anatuchezea tukaenda mahakamani. Ikatupwa siku ya kwanza kabisa. Hakuna hata shahidi aliyesimama. Ndiyo maana nasema chukua hela.

#22 Mzee wa Masjala

Pole sana mwanangu. Na sasa nimekuelewa.

Madai ya kuumizwa kwa uzembe muda wake ni miaka mitatu tangu siku ya tukio. Mkataba ungekupa sita, uzembe unakupa mitatu. Ninyi mlikwenda mwaka wa nne. Na mazungumzo hayasimamishi saa, hilo ndilo limewazika wengi niliowaona. Mtu anapewa soda na "njooni mwisho wa mwezi" kumbe mwenzake anahesabu miezi kwenye kalenda. Mtoto mdogo sheria inamsubiri mpaka atimize miaka 18, ndipo saa yake ianze. Mtu mzima hasubiriwi.

Nilikuwa nikipokea hati ya namna hiyo, naangalia tarehe ya ajali, naangalia muhuri wangu, naona kabisa. Siwezi kumwambia mtu kitu, kazi yangu ni kupokea. Anashuka ngazi anatabasamu kwamba kesi imefunguliwa.

#23 Dogo wa Kange

Hakuna aliyetuambia.

#24 Fundi Redio

Mimi nilitumbukia kwenye shimo la taasisi moja ya umma (siitaji), walifukua wakaacha bila hata tawi la mti. Usiku, mvua, mguu ndani mpaka kwenye paja. Nimekaa na risiti zangu mwaka wa pili sasa.

#25 Mzee wa Masjala

Basi amka. Serikali na taasisi zake, halmashauri zikiwemo, huwezi kuziburuta kesho asubuhi. Unawapa kwanza notisi ya siku 90 kwa maandishi, ueleze madai yako, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Zikiisha ndipo unafungua, na ni Mahakama Kuu, si ya Wilaya. Hizo siku 90 usitegemee kuongezewa kwenye miaka yako mitatu.

Mleta uzi, kwako hakuna serikali, ni watu binafsi. Mahakama ya Mwanzo usiende, haya si ya huko. Wilaya au Hakimu Mkazi zinatosha, zinabeba madai ya fedha mpaka milioni 200, na mama hafiki huko hata tukimhesabia samaki wa Pemba. Tangu 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili, kwa hiyo hati yake ataielewa mwenyewe akisomewa.

#26 Mjukuu wa Makorora

Mzee hapo kwenye samaki ndipo panaponikosesha usingizi. Hasara ya matibabu nina risiti zake, nimezitia kwenye mfuko wa maandazi, zimefika 312,000 pamoja na bajaji za kwenda na kurudi kliniki. Lakini kipato? Mama mdogo hana hati ya mshahara. Akiulizwa anapata ngapi kwa siku anasema "inategemea bahari".

#27 Mzee wa Masjala

Jibu la kweli, na mahakamani litamponza.

Kuna hasara za aina mbili. Ile unayoweza kuitaja kwa tarakimu: dawa, nauli, baiskeli, kipato kilichopotea. Hiyo lazima iandikwe kwenye hati moja baada ya nyingine, na kila moja ithibitishwe. Mahakama ya Rufani imeimba wimbo huo miaka mingi, haibadilishi beti. Ukiandika "gharama za matibabu 2,000,000" na mfukoni una risiti za 312,000, utapewa 312,000, pengine na jicho baya juu. Ya pili ni fidia ya jumla: maumivu, usingizi uliokosa, goti ambalo halitapiga pedali kama zamani. Hiyo hakimu anakadiria mwenyewe, lakini anakadiria kwa kuona ulichomwekea mezani.

Sasa kipato cha mtu wa ndoo. Nani anamuuzia?

#28 Mama wa Vikoba

Ngoja nijibu hapo mzee, mimi ndiye ninayeshika madaftari ya akina mama wa namna hiyo.

Mwanangu, mama yako yumo kwenye kikoba? Kama yumo, katibu ana daftari: kila wiki kanunua hisa ngapi, mkopo karejesha lini. Mwezi mzima anaweka, mwezi wa ajali hakuna kitu. Mstari mtupu huo ni ushahidi. Fungua simu yake, utoe taarifa ya miamala ya miezi sita. Hoteli na mama ntilie wanaomlipa kwa simu wote wamo humo na tarehe. Yule wa Deep Sea anayemkopesha mzigo ana daftari lake, na mara nyingi kaandika jina la utani tu, "Mama Ndoo" au "Bi Baiskeli". Mwombe atoe maelezo ya maandishi kwamba huyu ndiye mteja wangu, kwa kawaida anachukua mzigo wa kiasi hiki. Na wateja wawili watatu wa mitaani wanaojua anapita saa ngapi.

Usizidishe. Akisema anapata laki kwa siku na daftari linaonyesha hisa za elfu mbili, hata la kweli hawataliamini.

#29 Bi Chumvini

Mama wa Vikoba naomba uwe wakili wangu.

#30 Mjukuu wa Makorora

Nimekaa na mama mdogo leo mchana na simu yake. Miamala ya samaki miezi mitatu kabla ya ajali: siku nyingi anaingiza kati ya 35,000 na 60,000. Lakini hayo si faida, humo mna mtaji.

#31 Mama wa Vikoba

Vizuri kwamba umeliona mwenyewe. Toa mtaji. Ikibaki elfu kumi na mbili kwa siku, sema elfu kumi na mbili.

#32 Stika Mpya

Na jiandae kwa kitu kimoja. Kampuni inaweza kusema goti lilikuwa bovu tangu zamani, umri, uzito, baiskeli. Muulize mapema: alishawahi kutibiwa goti?

#33 Mjukuu wa Makorora

Hee. Ndiyo, la kushoto lilelile, mwaka juzi lilikuwa linavimba, akapewa dawa za kuchua. Tufiche?

#34 Mzee wa Masjala

Usifiche! Kadi ya kliniki wataipata, halafu mama atakuwa mwongo hata kwenye yale ya kweli. Msemo wa mahakama ni kwamba aliyekuumiza anakuchukua ulivyo. Ukimgonga bibi mwenye mifupa dhaifu huwezi kujitetea kwamba kijana asingevunjika. Goti lilikuwa linavimba, sawa. Lilikuwa linapiga pedali toka Mikanjuni hadi Deep Sea kila alfajiri na ndoo mbili. Sasa halipigi. Daktari aandike tofauti hiyo: zamani lilikuwaje, baada ya ajali likoje.

#35 Kanzu ya Ijumaa

Wakili wanachukua ngapi? Kuna jamaa anakaa nje ya mahakama ananiambia nimpe asilimia arobaini.

#36 Mzee wa Masjala

Huyo ni kishoka. Muulize namba yake ya uwakili uone atakavyokumbuka kwamba ana mgeni nyumbani. Asiye na uwezo atafute msaada wa kisheria, kuna sheria yake ya 2017, na wasaidizi wa kisheria wako mpaka ngazi ya kata. Na wewe wa makubazi asilimia arobaini ya nini?

#37 Mjukuu wa Makorora

MREJESHO, mwezi wa tano tangu ajali. Samahani kwa ukimya.

Karatasi hakusaini. Dereva alirudi, tukaandika ile ya "msaada wa matibabu", akasita, mjomba wake akamwambia saini, akasaini. Kesi ya trafiki alikiri, faini kalipa, nakala ya hukumu ninayo. Ukaguzi wa gari: kioo cha kushoto kimevunjika, bampa haina hata mkwaruzo. Mzee nilikukumbuka pale pale kituoni nikacheka peke yangu, askari akaniuliza una nini.

Kampuni ya bima kwanza walitoa 900,000 na barua kwamba goti lina "tatizo la muda mrefu". Tukajibu na taarifa ya daktari, daftari la kikoba, miamala ya simu, na maelezo ya mtu wa Deep Sea (kamwandika "Mama Kengele", miaka sita sasa). Wiki iliyopita wamefikisha 2,800,000. Mama mdogo anataka kuchukua. Mimi nasema tungoje, daktari anasema mwezi ujao ndipo atajua kama goti litakunja lote au limebaki hivyo.

#38 Stika Mpya

Ngojeni ripoti hiyo. Mkishasaini karatasi ya kampuni ndiyo imeisha, hata goti likikataa kabisa mwaka kesho. Muda bado mnao, miaka miwili na miezi.

#39 Mzee wa Masjala

Umemshauri vizuri. Lakini goti ni lake, na njaa ni yake. Mweleze yote, kisha aamue mwenyewe, usiamue wewe.

#40 Mjukuu wa Makorora

Kasema atangoja mwezi huo mmoja, si zaidi. Na kaniagiza nikamnunulie taa ya baiskeli, ya mbele na ya nyuma.

#41 Dogo wa Kange

Mpe salamu mama. Halafu mzee, kuna jirani yangu wa Pongwe kaanguka na bodaboda, mbuzi kakatiza barabara. Kavunjika mkono. Anaweza kudai?

#42 Mzee wa Masjala

Mbuzi wa nani?

#43 Dogo wa Kange

Wa kwake mwenyewe.